Hesabu ya Risasi

Katika Dominika ya tatu ya Majilio, mwaka C wa Liturujia, tunasomewa habari za watu waliomwendea Yohane Mbatizaji kando ya mto Yordani wakimwuliza wafanye nini. Makutano waliuliza, watoza ushuru waliuliza, na mwisho wakaja askari. Luka Mtakatifu hatuambii askari hao walikuwa wa jeshi gani. Lakini kwa kuwa anawataja mara tu baada ya watoza ushuru, baadhi ya wafafanuzi wa Maandiko huwaona kuwa ndio waliosimama nyuma ya meza ya ushuru, silaha mkononi, ili mtu asikatae kulipa. Kwa lugha ya leo tungesema walifanya kazi ya polisi. Yohane hakuwaamuru watupe silaha zao mtoni. Aliwaagiza mambo matatu: wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, waridhike na mshahara wao.

Vijana wapendwa, katika vikao vyetu swali la polisi hurudi mara kwa mara, na mara nyingi hurudi kwa hasira. Mmoja alisimamishwa njiani usiku akapokonywa simu. Mwingine alipigwa siku ya maandamano. Wa tatu, ambaye kwa kawaida hukaa kimya kwenye kona, ana baba au kaka aliye polisi, na hajui aseme nini mbele ya wenzake. Ni vema kabla ya kuhukumu tuijue historia ya mtu huyu aliyevaa sare, tujue aliumbwa na nani, kwa kazi gani, na ni nani aliyepaswa kumfundisha vingine.

Katika masoko yetu watu humwita kila mwenye bunduki kwa jina moja, «soda», awe mwanajeshi au polisi. Lugha ya watu haikukosea. Kwa miaka mingi katika nchi yetu hapakuwa na tofauti kati ya hao wawili. Dola Huru ya Kongo, mali ya mfalme Leopold wa Pili, ilipoanzishwa mwaka 1885, haikuunda polisi. Iliunda Force Publique, ambayo afisa wa Kibelgiji Léon Roget alitumwa kuipanga mwaka 1886. Askari wake wa kwanza waliandikishwa Zanzibar na Afrika ya Magharibi, kisha wakachukuliwa vijana wa Kongo yenyewe, wengi kwa kulazimishwa. Mtu alitolewa katika kijiji chake, akapelekwa mbali na watu wa lugha yake, akapewa bunduki na kofia nyekundu, akaamriwa awatawale watu asiowajua. Lingala ikawa lugha ya amri. Jeshi hilohilo lilipigana vita, likakamata wahalifu, likalinda magereza, likasimamia ukusanyaji wa mpira na pembe.

Chombo chake cha kila siku kilikuwa fimbo iliyokatwa katika ngozi ya kiboko. Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu hiyo kwa namna ya kutisha kidogo, maana neno moja, kiboko, ni jina la mnyama na ni jina la adhabu.

Silaha kubwa ilikuwa bunduki, na hapa pana jambo ninaloomba mlishike, maana tutalirudia. Risasi zilitoka Ulaya kwa meli na zilikuwa ghali. Maafisa waliogopa kwamba askari wangezitumia kuwinda nyama au wangezificha kwa ajili ya maasi. Hivyo waliwadai hesabu: kwa kila risasi iliyotumika, askari alete ushahidi kwamba ilimwua mtu. Ushahidi huo ulikuwa mkono wa kuume. Mikono ilikaushwa kwa moshi ili isioze njiani, ikapelekwa kwa afisa ndani ya vikapu. Na pale askari alipokuwa amepiga risasi ovyo, au amewinda mnyama, aliweza kukata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu yake itimie. Konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alisafiri katika maeneo ya mpira mwaka 1903, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1904. Wamisionari, hasa wa Kiprotestanti, walikuwa wameanza kuyasema hayo kabla yake. Sisi Wakatoliki tukiri kwa unyenyekevu kwamba sauti zetu wakati ule hazikuwa nyingi.

Tumtazame Mwenyeheri Isidori Bakanja, mlei kama sisi, aliyebatizwa mwaka 1906 na kuajiriwa katika kituo cha kampuni ya Kibelgiji huko Ikili. Msimamizi wake alichukia kuona skapulari shingoni mwake na kusikia anawafundisha wenzake sala. Mwanzoni mwa mwaka 1909 aliamuru apigwe kwa fimbo ya ngozi ya tembo iliyofungwa misumari. Tunajua sana ukatili wa bwana yule, lakini mara chache tunawafikiria watumishi walioamriwa kupiga. Mikono iliyoshika fimbo ilikuwa ya Waafrika waliomwogopa bwana kuliko walivyomwonea huruma ndugu yao. Kisha akatokea mtu wa tatu: mkaguzi wa kampuni, mwenye cheo na mamlaka, ambaye alimkuta Bakanja porini akiwa na majeraha yaliyooza, akamchukua na kumkinga msimamizi asimmalize. Hakuweza kuokoa maisha yake. Bakanja alikufa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amesamehe, na Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Hata hivyo, mkaguzi yule alifanya kazi yake kama ilivyopasa: aliona, akazuia, akashuhudia. Katika kisa kimoja tunawaona mwenye kutoa amri mbaya, wenye kuitii, na mwenye kuikatiza.

Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908 ilipunguza maovu mengi, lakini haikuvunja Force Publique. Mwaka 1919 iliigawa sehemu mbili: vikosi vya kukaa kambini kwa ajili ya vita, na vikosi vya huduma ya wilaya vilivyofanya kazi ya polisi. Mgawanyo huo ulikuwa wa majukumu. Moyo na mafunzo vilibaki vilevile, na askari wa wilaya aliendelea kuwa mwanajeshi aliyewekwa karibu na kijiji. Linganisheni na London. Mwaka 1829, walipounda polisi wa mji ule, waliwavalisha sare za buluu ili wasifanane na wanajeshi waliovaa nyekundu, wakawapa virungu bila bunduki, kwa sababu raia wa kule wasingevumilia jeshi mitaani mwao. Nisieleweke vibaya, polisi hao nao walikuwa na makosa yao. Nataka tu tuone kwamba watawala wa Ulaya walijua vizuri tofauti ya polisi na jeshi. Huku kwetu waliona tofauti hiyo haihitajiki.

Matunda yake yalionekana Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 9 Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière walikuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara, kwa kuwa vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya vitu. Walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakafyatua risasi juu yao, na makumi ya watu wakafa. Walioagizwa kulinda utulivu hawakuwa na kitu kati ya neno la mdomo na risasi. Hapakuwa na ngao, wala hatua ya katikati. Mtu aliyepewa bunduki tu atafanya nini watu wasipotawanyika? Ama aondoke kwa aibu, ama aue.

Miaka kumi na saba baadaye likaja tukio ambalo kila mwaka tunalikumbuka kwa siku ya mapumziko. Jumapili tarehe 4 Januari 1959, chama cha ABAKO kilitaka kufanya mkutano Léopoldville. Jibu la wakuu wa mji halikuwa wazi: halikuwa ruhusa, halikuwa katazo kamili. Mkutano ukaahirishwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kufika, na Joseph Kasa-Vubu alipowaomba warudi nyumbani wengi hawakutaka. Watu waliotoka kutazama mpira wakajiunga nao. Polisi wachache wakazidiwa, wakafyatua risasi, mji ukawaka, maduka yakaporwa, na Force Publique ikaitwa. Serikali ilikiri vifo vipatavyo 50 hivi. Wenyeji wa mji walisema ni mamia. Siku tisa tu baadaye, tarehe 13 Januari, mfalme Baudouin akatangaza kwamba Kongo itapewa uhuru. Wanahistoria husema kwamba risasi za siku ile ziliharakisha kile zilichotaka kukizuia, nami nakubaliana nao.

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Force Publique ilikuwa na askari wapatao 25,000, na hapakuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye cheo cha uafisa. Jemadari wake, Émile Janssens, aliwakusanya askari tarehe 5 Julai akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Askari walielewa maana yake, wakaasi siku ileile. Tunapowalaumu wale walioasi, na maovu waliyoyatenda baada ya hapo ni makubwa, tusisahau kwamba kwa miaka 75 hakuna aliyewaandaa kuwa viongozi wa wenzao. Walifundishwa kutii kwa hofu. Hofu ilipoondoka, utii nao ukaondoka.

Sitaeleza kwa urefu utawala wa Mobutu. Mwaka 1972 aliivunja polisi ya taifa akaiingiza katika Gendarmerie, yaani jeshini. Mwaka 1984 akaongeza Walinzi wa Raia, ambao raia wenyewe hawakujisikia wamelindwa nao. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium, chuo kikuu chetu cha Kikatoliki, waliuawa wakiandamana kwa ajili ya posho na haki zao. Wengi wa waliolilia wenzao waliandikishwa jeshini kwa nguvu mwaka 1971, kana kwamba bunduki ni adhabu. Na mwezi wa Septemba 1991 askari wasiolipwa walitoka kambini wakaupora mji wa Kinshasa. Hapo neno la Yohane kuhusu mshahara linageuka na kumwelekea pia mwenye kulipa. Askari ameagizwa aridhike na mshahara wake, lakini ni lazima kwanza mshahara uwepo.

Sasa tufike kwenye jambo linaloligusa Kanisa moja kwa moja. Tarehe 19 Januari 1992 Waziri Mkuu Nguz a Karl-i-Bond alifunga Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa ukiongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo. Walei Wakatoliki wa Kinshasa, pamoja na mapadre kadhaa, waliunda kamati na kuitisha maandamano ya amani ili mkutano ufunguliwe tena. Jumapili tarehe 16 Februari, baada ya Misa, watu walitoka katika parokia nyingi kwa wakati mmoja wakiwa na rozari, misalaba, matawi na nyimbo. Mama walikuwapo na watoto walikuwapo. Askari wakawafyatulia risasi. Serikali ilihesabu wafu kumi na kitu. Wengine walihesabu zaidi ya thelathini. Mkutano ulifunguliwa tena tarehe 6 Aprili. Wazee wetu huiita Maandamano ya Matumaini, na ningependa kila kikundi cha vijana kimtafute mtu mmoja katika parokia aliyekuwa na umri wa kuelewa mambo mwaka ule, kimsikilize.

Robo karne baadaye historia ilijirudia. Makubaliano yaliyosimamiwa na maaskofu tarehe 31 Desemba 2016 hayakutekelezwa, na uchaguzi ukaahirishwa. Kamati ya Walei ya Uratibu, iliyochukua jina la ile ya zamani, iliitisha maandamano mara tatu: tarehe 31 Desemba 2017, tarehe 21 Januari na tarehe 25 Februari 2018. Zote zilikuwa Jumapili. Mara hii gesi ya machozi iliingia hadi ndani ya makanisa. Tarehe 21 Januari, kwenye mlango wa kanisa la Kintambo, aliuawa msichana aliyekuwa akijiandaa kwa maisha ya kitawa. Kabla ya maandamano ya tarehe 25 Februari, mkuu wa polisi wa Kinshasa alitangaza kwamba safari hii hakutakuwa na mtu hata mmoja atakayekufa. Nadhani tumpe haki yake: lilikuwa ni jambo jema kulisema, maana kamanda anayeweka lengo hilo hadharani anajifunga mwenyewe. Lakini siku hiyo aliuawa Rossy Mukendi, mwanaharakati kijana, kwenye parokia ya Saint-Benoît huko Lemba.

Kwa nini ahadi ilishindikana? Mtu anaweza kusema kwamba haikuwa ya kweli. Lakini hata tukiichukua kuwa ya kweli, ahadi ya mkuu haifiki kwenye kidole cha askari kwa kutangazwa redioni. Inapita katika mambo mengi madogo: ni nani amepangwa kwenye kona ile, amelala saa ngapi, amekula, amefundishwa kwa wiki ngapi, ana ngao au hana, amepewa risasi za aina gani, ni nani aliye karibu naye wa kumwambia acha. Kila moja ya mambo hayo lina kanuni iliyokwisha kuandikwa. Mwaka 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mwenendo wa maafisa wa kulinda sheria, na mwaka 1990, huko Havana, zikapitishwa Kanuni za Msingi kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto. Wengi wetu tunadhani kwamba mambo hayo ni ya wanasheria. Someni wenyewe, si marefu. Polisi aanze na njia zisizo za nguvu. Akilazimika kutumia nguvu, zilingane na uzito wa hatari. Bunduki ni kwa ajili ya kuzuia kifo au jeraha kubwa linalokaribia, na kabla ya kufyatua ajitambulishe na aonye, isipokuwa pale ambapo kuonya kungeleta hatari zaidi. Mkutano usio halali kisheria lakini wenye amani utawanywe bila nguvu, au kwa nguvu kidogo kabisa. Aliyejeruhiwa atibiwe haraka, hata kama ndiye mwenye kosa, na jamaa zake waarifiwe. Serikali nazo zinatakiwa kumpa polisi ngao, kofia na vifaa vya kujikinga, ili asihitaji kuua kwa sababu ya woga wake mwenyewe. Kanuni hii ya mwisho huwa tunaisahau, nasi twaona jinsi ambavyo ingewafaa watu wa Elisabethville mwaka 1941.

Sheria zetu hazikubaki nyuma. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 26, inataka waandamanaji waarifu wakuu kwa maandishi. Haiwataki waombe ruhusa. Kifungu cha 183 kinasema kwamba polisi ya taifa haina siasa na iko kwa ajili ya taifa. Sheria ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011 inakubali matumizi ya nguvu pale tu panapokuwa na ulazima, na kwa kiasi. Na kuna kifungu cha 28, ambacho ningependa kiandikwe ukutani katika kila chumba cha mafunzo ya polisi: hakuna anayelazimika kutekeleza amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria, na kila mtumishi wa Serikali anafunguliwa wajibu wa kutii ikiwa amri hiyo inashambulia waziwazi haki za binadamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 79, ulikuwa umesema jambo lilelile mwaka 1965: utii wa upofu hauwezi kuwa udhuru wa aliyetenda uovu wa namna hiyo.

Hapa kijana mwenye akili atauliza swali gumu. Katiba inamfungua askari, lakini kesho yake ni nani atakayemlinda dhidi ya mkuu wake? Polisi wetu huhukumiwa na mahakama za kijeshi, hulala kambini, hungoja mshahara kwa mkono wa mkubwa. Tena inajulikana kote kwamba polisi wengi wa barabarani hutakiwa kupeleka fedha juu kila siku, ili wabaki kwenye kituo chao. Mtu aliyeingia katika mnyororo huo hawezi kukataa amri mbaya kwa urahisi, kwa sababu mkubwa anazijua dhambi zake zote ndogo. Ndiyo maana uaminifu katika franka mia tano na uaminifu mbele ya umati ni jambo moja. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, hakuwa polisi. Alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alikataa fedha ili vyakula vilivyoharibika visipite, akauawa mwezi wa Julai 2007. Alitangazwa Mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Hakuna aliyemfundisha ushujaa siku ya mwisho. Alikuwa amejizoeza kukataa.

Pia wamo waliozungumza wakiwa wamechelewa, nao tusiwadharau. Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu, aliitwa makao makuu ya polisi Kinshasa tarehe 1 Juni 2010, na kesho yake maiti yake ilikutwa ndani ya gari. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakurudi tena. Kwa miaka kumi kesi ilizunguka. Mwaka 2021 baadhi ya polisi waliokuwapo usiku ule walivunja kimya wakaeleza kilichotokea, kesi ikafunguliwa upya, na mwezi wa Mei 2022 mahakama kuu ya kijeshi ikatoa hukumu dhidi ya maafisa. Bila maneno ya watu waliovaa sare, familia hizo zingebaki na tetesi. Mwacheni aseme anayesema, hata baada ya miaka kumi. Ingekuwa bora zaidi kama angeweza kusema asubuhi ileile bila kukimbia nchi.

Nilisema kwamba tunarudi kwenye hasira zetu. Hatuwezi kuzungumzia nguvu za polisi bila kutaja zetu. Mara ngapi kijana wa mtaa wetu ameshukiwa kuiba, akapigwa mawe, akafungwa tairi, akachomwa moto, na kati ya waliosimama pale wamo wanaoimba kwaya Jumapili? Tunaita haki ya wananchi. Hakuna onyo, hakuna kulinganisha nguvu na hatari, hakuna daktari, hakuna anayeandika taarifa. Tunamdai polisi afuate kanuni ambazo sisi wenyewe hatukubali kuzifuata hata kwa dakika moja. Na siku polisi anapofika mahali hapo na kumtoa mtu mikononi mwa umati, akiwa mmoja au wawili dhidi ya mia mbili, hafanyi kingine ila kile alichoajiriwa kukifanya. Lakini sisi tunamtupia mawe yeye pia, tukisema amehongwa. Baadhi wamehongwa, ni kweli. Wengine wamemwokoa mtu asiye na hatia, na jina lao hatukuliuliza.

Wakati wa kuhukumiwa Bwana wetu mbele ya kuhani mkuu, mlinzi mmoja alimpiga kofi kwa sababu hakupenda jibu lake. Yesu hakunyamaza na hakurudisha kofi. Alimwuliza mlinzi aeleze kosa liko wapi, na kama hakuna kosa, kwa nini anampiga. Ndiyo taarifa ambayo kila sheria nzuri inamdai mwenye nguvu aitoe: umepiga, sema sababu. Yohane ndiye anayetusimulia hayo katika sura ya 18, na hatuambiwi mlinzi alijibu nini.

Kuna vijana kati yenu wanaofikiria kuingia polisi. Wazazi wengine huona haya, wengine huona ni njia ya kupata mshahara tu. Nenda, ikiwa una wito huo, lakini jiulize kwanza kama unaweza kukaa mwaka mzima bila kupeleka fedha juu na bila kuchukua fedha chini, na kama una rafiki mmoja, padre au mlei, utakayemwambia ukweli kila mwezi. Kwa ninyi mtakaobaki katika vikundi, iko kazi isiyohitaji ushujaa mkubwa. Kanuni za Havana, namba 11, zinaagiza kwamba pawe na utaratibu wa kutunza na kugawa silaha, ili kila polisi awajibike kwa bunduki na risasi alizopewa, na pawe na taarifa kila zinapotumika. Maafisa wa Leopold nao walidai hesabu ya kila risasi, kwa sababu machoni pao risasi ilikuwa na thamani kuliko mtu. Sasa hesabu ileile inadaiwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Tume yenu ya Haki na Amani ya parokia inaweza kuandika barua, kwa adabu na kwa anwani kamili, kwa mkuu wa polisi wa mtaa, kila baada ya siku ya vurugu, ikimwuliza risasi ngapi zilitoka ghalani asubuhi, ngapi zilirudi jioni, na zile ambazo hazikurudi ziko wapi.